Mlinzi wa Mtoto wa Kilo Moja na Nusu

Mimi nilipimwa kwenye mizani ya samaki, na mpaka leo ukoo wetu unaiamini mizani ile kuliko unavyoniamini mimi. Nina miaka arobaini na ushee. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kampala, nyumba ninayopanga Kibuli nailipia mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuniona nikiokota makopo barabarani. Lakini nikipandisha sauti kidogo tu mbele ya watu, shangazi yangu, dada wa marehemu baba, huwageukia wenzake na kuwaambia kwa ule upole wake wa kinafiki: "Mumuache. Hiyo ilizaliwa kilo moja na nusu." Hiyo! Basi watu wote hunitazama kwa huruma, na hoja niliyokuwa nayo hufia hapo hapo.

Ningeyapuuza haya kama ninavyopuuza mengi ya shangazi, ila upuuzi huu ulikaribia kumuua mdogo wangu wa kiume, na sina ndugu mwingine. Hilo siwezi kulipuuza.

Mama ni Mkongo wa mashariki. Alifika Kampala msichana, akauza samaki, akaolewa na polisi wa kutoka kaskazini aliyekuwa hajui hata neno moja la lugha ya kina mama huko Kongo, wakaelewana kwa Kiswahili cha kambi ya polisi. Mimba yangu ilikuwa haijatimia alipokwenda Ggaba kununua samaki wa kuuza, uchungu ukamshikia mwaloni, pale mashua zinaposhushia samaki, katikati ya makapu. Wanawake wakamzungushia vitenge. Nikatoka, nikalia vizuri tu, wanasema. Na hapo ndipo mtu fulani, Mungu amsamehe, akakumbuka kwamba mtoto akizaliwa hupimwa. Mwaloni si mahali pa kukosa mizani. Mchuuzi mmoja akasuuza sinia la mizani yake kwa maji ya ziwa, nikalazwa humo, naye akatangaza kwa sauti ile ile ya kutangazia sato: kilo moja na nusu!

Sasa sikilizeni. Mchuuzi yule alikuwa na mizani mbili. Moja ya kununulia kutoka kwa wavuvi, ambayo springi yake ilikazwa ili samaki aonekane mwepesi. Nyingine ya kuuzia, iliyolegezwa ili samaki yule yule anenepe. Mashua zilikuwa zikiingia saa ile, kwa hiyo iliyotundikwa ilikuwa ya kununulia. Kila mtu pale alijua kwamba inaiba. Wavuvi waliitukana kila asubuhi, na mama aliwasikia. Lakini hakuna kichwa hata kimoja, katika vichwa vyote vilivyoniinamia, kilichojiuliza kama mizani inayomwibia sangara inaweza kumwibia mtoto. Walisikitika, wakasema masikini, wakarudi kwenye makapu yao.

Mama mwenyewe ndiye aliyenieleza habari ya mizani mbili, nikiwa nimeshaingia sekondari, tena huku akicheka. Nilikimbilia kwa shangazi nikidhani nimeshinda kesi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mizani ni mizani," akaendelea kuchambua maharage. Sikatai kwamba nilikuwa mdogo. Mtoto aliyetoka kabla ya wakati wake hawezi kuwa ndama. Ninachokataa ni kufanywa mgonjwa wa kichwa kwa ajili ya springi ya mwizi.

Maana shangazi hakuishia kwenye udogo. Aliwahi kufanya usafi wodini kabla ya kuolewa, na huko aliokota elimu yake, kwamba ubongo wa mtoto mwepesi haukai sawasawa. Kambi nzima ikaelimishwa. Nikikataa posho, ule ugali wa kila siku, ni kilo. Nikimng'ata mtoto wa sajenti aliyemwaga maji niliyochota, ni kilo. Mtoto yeyote mwenye meno angemng'ata! Nikilia, kilo. Nikinyamaza, ndiyo mbaya zaidi: "Muangalie, inawaza."

Mdogo wangu alizaliwa hospitali, kwenye mizani ya kweli, kilo nne na nusu, na mama akashonwa nyuzi asizopenda kuzizungumzia. Shangazi alimbeba mtoto yule akamtembeza kambini mlango kwa mlango. "Hii ni chuma," alisema. "Hii hata vita haiwezi kusumbua kichwa yake." Basi ikawa hivyo. Alipokojoa kitandani mpaka darasa la tano, walisema anakunywa maji mengi. Alipokataa kutoka nyumbani karibu muhula mzima, baada ya mwalimu mmoja kumdhalilisha mbele ya wenzake, walisema anakua. Baba alipofariki, mimi nililia mpaka sauti ikakauka, na shangazi akanitoa katikati ya waombolezaji nikalazwe chumbani. Mdogo wangu hakutoa chozi. Alipanga viti, akabeba jeneza, akawapelekea wazee chai, na wote wakamsifu kwa moyo wake. Mimi nilikuwa kwenye godoro chumbani nasikia sifa zile kupitia ukutani.

Alipokuwa mtu mzima alifungua biashara ya kukodisha spika Kamwokya, kwa ajili ya harusi, kampeni na mikutano ya maombi. Kazi ilimfaa. Alikuwa na mabega ya kupakia spika peke yake kwenye pikapu, na watu wa muziki pale walimpenda. Hapo ndipo alipokuwa mpaka mwaka ule wa redio.

Redio moja ilimwalika daktari aeleze kama uzito wa mtu alipozaliwa unahusiana na afya ya akili yake ukubwani. Nilikuwa nasahihisha insha, nikaacha kalamu. Alisema wataalamu wameona kwamba waliozaliwa wepesi sana, hasa kabla ya wakati, hupatwa na wasiwasi na sonona mara nyingi kidogo kuliko wengine. Kisha akasema, polepole, kama aliyekuwa akimfahamu shangazi yangu, kwamba hiyo ni habari ya watu wengi wakiwekwa pamoja, si ramli ya kumpigia mtu mmoja. Kwamba umaskini, malezi na misiba vinaingia humo humo na ni vigumu kuvitenganisha. Na kwamba kuzaliwa mzito si chanjo. Shangazi naye alikuwa akisikiliza nyumbani kwake. Alisikiliza nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilimkuta ameshashika simu.

Kikao kilikaa Jumapili nyumbani kwa mama. Mimi sikualikwa; tangu lini mgonjwa akaalikwa kujadiliwa? Baba akiwa hayupo, kiti chake anakikalia shangazi, na shangazi akatoa hukumu: mtu wa kilo moja na nusu, tena asiye na mume, hawezi kuachwa akae peke yake. Redio imesema. Anahitaji wa kumwangalia. Na nani tena kama si chuma? Kwanza ana nafasi. Biashara yake ilikuwa imelala, spika zimefunikwa turubai, simu za wateja hapokei. Wote walilijua hilo, na wote walisema kijana anapumzika. Loo! Watu wazima, wenye macho mawili mawili, walikaa wakala mihogo ya mama, wakamchagua anayezama awe mwokoaji. Kesho yake akafika kwangu na begi.

"Yaya," aliniambia mlangoni. Ndivyo mama Mkongo alivyotufundisha kumwita ndugu mkubwa. "Wamenituma nikulinde."

"Unilinde na nani?"

"Na wewe mwenyewe."

Nilitaka kumtupa nje yeye na begi lake. Kilichonizuia ni shati. Nililijua shati lile, nilimnunulia mimi, na lilikuwa linambana. Sasa lilikuwa linaning'inia. Nikamwambia aingie.

Alikuwa mlinzi mwaminifu, jamani. Nikitoka kuanika nguo, anatoka. Nikiingia jikoni, anasimama mlangoni. "Umekula, yaya? Umelala vizuri?" Lakini yeye mwenyewe hakula wala hakulala. Nilikuwa namwachia kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula ambacho zamani alikuwa akikimaliza kabla hujakaa. Nikirudi shuleni namkuta kwenye kiti kile kile alichokuwa nilipoondoka, anautazama ukuta, na maharage yamekauka kwenye sahani. Hakuwasha redio. Mtu wa spika, hata wimbo hataki kusikia! Nikimuuliza ana nini, anajibu, "Niko tu."

Nikampigia simu shangazi. Nikamwambia mtoto wenu anaumwa.

"Nani?"

Nikamtaja. Akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetabiri jambo likatokea. "Unaona vile inaanza? Sasa unaona ugonjwa kwa watu."

Nikakata simu kabla sijamtusi. Nikampigia mama. Mama nampenda, lakini miaka mingi ya kukaa chini ya shangazi imemfundisha kusema maneno ya shangazi kwa sauti nzuri zaidi. "Amechoka, mwana wangu. Ule mutoto iko na nguvu tangu kuzaliwa. Mupikie sombe, ale." Nikampikia sombe ya kikwao, kisamvu kilichopikwa mpaka kikalainika. Akala vijiko viwili kwa adabu, akanishukuru.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini msemo huo unamsema mgonjwa anayeficha. Hauna neno kwa jamaa wanaokaa mbele ya ugonjwa mchana kweupe wakaukalia kama mkeka.

Ijumaa nikachoka. Nikaamua kwamba kesho namchukua mdogo wangu mkono kwa mkono mpaka kwa mama, namwita na shangazi, namsimamisha katikati yao, na nawaambia usoni yote niliyoyameza tangu utotoni. Niliyapanga maneno yangu vizuri, mwalimu wa lugha mimi, hata nilianza kuyafurahia. Alfajiri nikamwambia afunge begi, kazi ya ulinzi imekwisha, sihitaji mlinzi na sijawahi kumhitaji.

Alikuwa anavaa viatu. Akaketi na kiatu kimoja mkononi.

"Usinirudishe, yaya."

"Kwa nini?"

Adhana ya msikitini ilianza, ikaisha, naye bado anakitazama kiatu. "Nikiamka asubuhi sioni sababu ya kuamka," akasema. "Halafu nakumbuka nina wewe wa kuangalia. Ndiyo naamka."

"Na kama usingekuwa na mimi?"

"Basi. Nimechoka kuwepo, yaya."

Niliogopa. Nimewahi kuogopa risasi, nimewahi kuogopa mafuriko, lakini sikuwahi kuogopa namna ile. Na pamoja na woga, hasira. Maana fikirieni wenyewe. Uongo ule nilioupiga vita tangu nina meno ya utoto, kwamba mimi ni kichwa kibovu cha kuchungwa, ndio huo huo mdogo wangu alikuwa ameushikilia asizame. Nikiukata, namkata yeye. Nilitamani kumfuata mchuuzi yule wa Ggaba kaburini, kama ana kaburi, nimvunjie mizani yake kichwani.

Nikamwambia taratibu kwamba anaumwa, na kwamba ugonjwa huu una dawa na una waganga wake waliosomea, twende hospitali. Akatabasamu kidogo, tabasamu la kunihurumia.

"Mimi? Mimi wa kilo nne na nusu? Ni uvivu tu, yaya. Utapita."

Kumbe na yeye! Walimlisha kitu kile kile walichonilisha mimi, ila chake kilikuwa na sukari. Mimi angalau nilitema.

Nikatembea mpaka dirishani na kurudi. Kisha nikaketi kando yake, nikashika kichwa kwa mikono miwili. "Kale, haya," nikasema. "Wewe huumwi. Lakini mimi naumwa. Shangazi alisema kweli. Kichwa changu kinanitisha, na peke yangu siwezi kwenda. Si wamekutuma unilinde? Nipeleke."

Akavaa kiatu cha pili. Hapo hapo. Tukapanda boda, akanikalisha katikati, yeye nyuma yangu akinizingira kwa mikono nisianguke, na njia nzima nililia kimya kimya huku upepo ukinisaidia kuficha.

Hospitali sitaitaja. Katika kitengo cha afya ya akili tulikaa kwenye benchi na watu wa kawaida kabisa, mwanajeshi, mama mwenye mtoto mgongoni, msichana wa chuo. Mdogo wangu akamwambia nesi kwa sauti ya mtu wa usalama, "Nimemleta dada yangu." Tukaitwa. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Akaniuliza nalalaje.

"Silali," nikasema. "Nakaa kwenye kiti."

Akaniuliza kuhusu chakula.

"Hakipiti. Nakula kidogo nisimuudhi aliyepika."

"Vitu ulivyokuwa ukipenda?"

"Nimevifunika turubai. Watu wakinipigia simu naitazama mpaka inyamaze. Asubuhi sioni sababu ya kuamka. Wote wanasema mimi ni chuma, kwa hiyo sina pa kusemea."

Nilikuwa simtazami mdogo wangu, lakini bega lake lilikuwa limegusana na langu, na nililisikia linaanza kutetemeka. Daktari aliacha kuandika. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Na wewe, ndugu yangu," akamuuliza, "wewe unalalaje?"

Akafungua mdomo kujibu, kikatoka kilio. Mwanaume mzima alilia mpaka nesi akachungulia mlangoni. Nilimshika mkono muda wote kama mtoto. Katikati ya kilio kile, amini usiamini, bado alikuwa anajitetea: "Lakini daktari, mimi nilizaliwa kilo nne na nusu."

"Hongera kwa mama yako," daktari akasema. "Na tangu siku ile mpaka leo umepitia mangapi?"

Akaanza kusimulia. Alianzia kwa mwalimu yule wa shule. Nami nikatoka nje nikakaa benchini, maana daktari aliniomba.

Akaandikiwa dawa, na akapangiwa siku za kurudi kuzungumza. Sitawadanganya kwamba alipona kama aliyezibuliwa sikio. Kulikuwa na wiki alizokataa kwenda, nami nikalazimika kuumwa upya ili anipeleke. Yeye alijua ninaigiza, nami nilijua kwamba anajua, tukaendelea hivyo hivyo. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nisiwaambie nyumbani mpaka atakapopata nguvu ya kusema mwenyewe.

Nyumbani kumbe walikuwa na habari zao. Jirani wa zamani wa kambini alituona hospitalini, akaniona mimi nikiwa nimeshika bahasha ya dawa, akampelekea shangazi zawadi hiyo ikiwa bado ya moto. Shangazi karibu acheze ngoma. "Mimi nilisema! Nilisema toka ile siku!" Akazungusha habari ukoo mzima, na binamu zangu, watu ambao hata barua ya kuomba kazi nawaandikia mimi, wakaanza kunipigia simu na kuniongelesha polepole kama mtu asiyesikia. Mara ngapi ulimi uliniwasha! Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na neno lile lingewafunga midomo wote. Nikalimeza. Nikawaambia asanteni, nashukuru, niombeeni.

Miezi ikapita. Mdogo wangu akaanza tena kupokea simu, kwanza za wateja wawili watatu aliowazoea. Shati likaanza kumkaa. Ndipo shangazi akaitisha shukrani nyumbani kwa mama: chakula, maombi, na hotuba yake. Shukrani ya nini? Ya mimi kutulia, na ya kumpongeza kijana aliyenilinda.

Mama alikuwa amepika sato wa mchuzi na ndizi. Shangazi akasimama na kitenge chake kipya, akamshukuru Mungu kwa sauti ya gwaride. Akasema familia ilikuwa na mtoto mwepesi na mtoto mzito, na Mungu katika hekima yake alimpa mwepesi mzito wa kumbeba. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa natazama miiba kwenye sahani yangu.

Mdogo wangu akasimama. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mgongo wa kiti.

"Shangazi," akasema, "aliyekuwa mgonjwa ni mimi. Dawa ni zangu. Bado nazimeza. Nilitaka kufa, na nyinyi mlikuwa mnaniita chuma. Yaya hakuwa na kitu. Alijifanya mgonjwa ili mimi nitibiwe."

Mama alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge na machozi yakaanza kumtoka. Shangazi alimtazama mdogo wangu kuanzia viatuni mpaka nywele, kisha akanigeukia mimi, akanitazama vile vile, na niliona wazo linavyotafuta njia usoni mwake, linapita huku, linarudi, mpaka likafika. Akapiga makofi mara moja kwa uchungu wa kweli.

"Banange!" akasema. "Imemuambukiza!"

Nilisimama. Maneno yote niliyoyapanga maisha yangu yote yalikuwa tayari mdomoni, na Mungu ananijua, siku ile nisingebakiza hata moja. Kisha nikasikia sauti kando yangu. Mdogo wangu alikuwa ameinama juu ya meza, mabega yanaruka, na kwa sekunde moja nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Anacheka kwa tumbo, machozi yanamtoka, hawezi hata kuvuta pumzi, anajaribu kuomba radhi kwa shangazi na kicheko kinamrudisha chini.

Nikayaacha maneno yangu yote.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Nimemuambukiza."

Mdogo wangu akaanguka kwenye kiti, akacheka mpaka akaomba maji.